Simu Isipoandika Unachosema: Dalili na Vyanzo vya Matatizo ya Kuandika kwa Sauti

Kuandika kwa sauti ni msaada mkubwa kwa mtu ambaye vidole vyake vimedhoofishwa na kiharusi, baridi yabisi au ajali, kwa asiyeona, na kwa mwenye uoni hafifu, wakiwamo wengi wenye ualbino, ambao herufi za kibodi ni ndogo mno kwao. Mtu hugusa alama ya maikrofoni, husema, na maneno yakajiandika. Hata hivyo, wapo wanaoanza kuitumia njia hii hapa Mwanza kisha wakaiacha mapema, ama kwa sababu simu iligoma kabisa, ama kwa sababu iliandika mambo ya ajabu na wenzao wakawaambia kwamba matamshi yao ndiyo yenye kasoro. Kauli hiyo ya mwisho huwavunja watu moyo, na mara nyingi si ya kweli. Tatizo hukaa katika moja ya sehemu tatu: sauti haifiki vizuri kwenye simu, au inafika, lakini simu haina ruhusa, mtandao au lugha sahihi, au vyote hivyo vipo na simu inakisia vibaya. Anayemsaidia mwenzake anapaswa kujua kwanza yuko katika sehemu ipi, ndipo aanze kubonyeza mipangilio.

Kipimo cha kuanzia

Fungua programu ya kurekodi sauti iliyomo kwenye simu, kaa vilevile ulivyokaa ulipokuwa ukijaribu kuandika, iweke simu palepale ilipokuwa, kisha sema sentensi ileile iliyoharibika. Ukiisikiliza rekodi na kuikuta inakwaruza, inasikika kwa mbali au imefunikwa na upepo, usihangaike na lugha wala bando, kwa maana tatizo liko kwenye njia ya sauti. Ukiikuta safi, kiasi kwamba mtu mwingine anaweza kuyaandika maneno yote bila kuuliza, basi chanzo kitafutwe kwenye ruhusa, mtandao au lugha. Usidanganywe na simu za kawaida za kupiga na kupokea. Simu nyingi zina maikrofoni zaidi ya moja, moja ikiwa chini karibu na tundu la chaji na nyingine juu, kwa hiyo kusikika vizuri unapompigia mtu hakuthibitishi kwamba maikrofoni inayotumika kuandikia ni nzima.

Rekodi ikiwa mbaya

Anza na tundu lenyewe la maikrofoni. Kwa wanaofanya kazi Mwaloni, Kirumba, unga wa dagaa hukaa mfukoni pamoja na simu, huchanganyika na jasho, ukaganda kwenye tundu ambalo ni dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Mchanga wa ufukweni hufanya kazi hiyohiyo. Safisha kwa brashi laini na kavu, kama mswaki mpya wa mtoto, huku simu ikiwa imeinamishwa ili uchafu udondoke nje. Usichokoe kwa sindano wala pini, kwa sababu nyuma ya tundu hilo kuna utando mwembamba ambao ukitoboka hakuna mpangilio utakaourudisha. Kagua pia kava: kava nyingi zinazouzwa barabarani hazikutengenezwa kwa ajili ya simu hiyo hasa, na tundu lake huangukia pembeni, likaiacha maikrofoni imezibwa na plastiki.

Upepo ni chanzo ambacho wakazi wa kando ya ziwa hawakifikirii kwa kuwa wameuzoea. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya ardhi hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja mjini. Ndiyo maana mtu aliyeandika vizuri asubuhi akiwa ufukweni anashangaa alasiri simu hiyohiyo inaandika nusu ya maneno. Geuka ili mgongo ukinge upepo, na simu iwe upande wa kifua. Wakati wa mvua, chini ya bati lisilo na dari, hakuna ujanja utakaoshinda kelele ile: subiri ipungue.

Umbali nao una kanuni yake. Shibiri moja kutoka mdomoni inatosha, na simu isielekezwe moja kwa moja kwenye pumzi. Mtu ambaye hajasikika hupaza sauti, na hapo ndipo hali inapozidi kuharibika, kwa kuwa sauti ya kupiga kelele hubadilisha umbo la maneno na huifikisha maikrofoni mwisho wa uwezo wake. Sema kama unavyoongea na mtu aliyeketi upande wa pili wa meza. Kwa mtu asiyeweza kushika simu, stendi ndogo, au hata kikombe kizito kinachoishikilia simu wima, ni bora kuliko msaidizi anayeisogeza huku na huku.

Lipo pia tatizo la hedifoni za bluetooth. Zikiwa zimeunganishwa, simu inaweza kusikiliza kupitia hizo badala ya maikrofoni yake, hata kama ziko ndani ya mkoba kwenye chumba kingine. Zima bluetooth, kisha urudie kipimo.

Alama ya maikrofoni haionekani, au inafanya kazi nyingine

Kwenye Gboard, yaani kibodi ya Google ambayo imo katika simu nyingi za Android, alama ya maikrofoni hukaa juu ya kibodi, upande wa kulia. Kwenye iPhone hukaa chini ya kibodi, na kama haipo, imla inapaswa kuwashwa kwanza kwenye mipangilio ya kibodi. Kwenye Samsung, kibodi ya kampuni ina sehemu ya kuchagua ni huduma ipi ya sauti itumike, ile ya Samsung au ile ya Google. Aliyekosa Kiswahili katika ya kwanza ajaribu ya pili.

Wanaoanza huchanganya zaidi pale WhatsApp. Pembeni mwa sehemu ya kuandikia kuna maikrofoni ya WhatsApp yenyewe, na ndani ya kibodi kuna maikrofoni ya kibodi. Ya kwanza hurekodi sauti na kuituma jinsi ilivyo. Ya pili ndiyo inayogeuza sauti kuwa maandishi. Mtu anayetaka kumwandikia mwalimu wa mwanawe akagusa ya kwanza atakuwa ametuma rekodi yenye kikohozi chake na mabishano ya majirani. Kibodi kwa kawaida haijitokezi mpaka uguse sehemu ya kuandikia, kwa hiyo mfundishe mgeni mpangilio huu: gusa sehemu ya maandishi, subiri kibodi ipande, ndipo utafute maikrofoni iliyo ndani ya kibodi.

Kuna mahali ambapo alama hiyo hujificha kwa makusudi. Kwenye sehemu za nywila huondolewa ili siri isisemwe kwa sauti, na kwenye sehemu zinazopokea tarakimu pekee, kama menyu ya kutuma pesa inayoanza na *150*00#, kibodi inayokuja ni ya namba tu. Huko si kuharibika kwa simu. Naongeza kwamba hata pale simu inapoiruhusu, namba ya siri isitamkwe ndani ya daladala wala mbele ya wakala, na mwenye ulemavu asikubali kumkabidhi mtu namba hiyo kwa kisingizio cha kusaidiwa haraka.

Kwa mwenye mikono inayotetemeka, alama inaonekana lakini haiguswi sawasawa. Mipangilio ya Gboard inaruhusu kuongeza kimo cha kibodi, jambo linaloongeza ukubwa wa vitufe, na sehemu ya ufikivu (Accessibility) ya Android inaruhusu kurefusha muda wa kugusa na kushikilia ili kidole kinachokawia kuinuka kisihesabiwe kuwa kimebonyeza kwa muda mrefu.

Maikrofoni inafunguka, lakini hakuna kinachoandikwa

Hapa rekodi ni safi, alama ipo, unaigusa, na kioo kinabaki kitupu. Tazama ruhusa kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, tafuta kibodi unayoitumia, kisha ruhusa, na uone kama maikrofoni imeruhusiwa. Tangu Android 11 ya mwaka 2020, simu inaweza kuondoa yenyewe ruhusa za programu ambayo haijatumiwa kwa miezi kadhaa, kwa hiyo kilichokuwa kinafanya kazi mwaka jana kinaweza kuwa kimefungwa bila mtu yeyote kukigusa. Android 12, iliyofuata mwaka 2021, ilileta kitufe cha kuzima maikrofoni kwa programu zote kwa pamoja, kwenye menyu inayoshushwa kutoka juu ya kioo, na kitufe hicho huguswa kwa urahisi na mtoto au na kidole kisicho thabiti. Toleo hilohilo lilileta nukta ya kijani kwenye kona ya juu ya kioo, inayoonyesha kwamba maikrofoni inatumika. Ukigusa alama ya kuandika kwa sauti na nukta hiyo isitokee, suala la ruhusa liangaliwe kabla ya lingine lolote.

Kama nukta inatokea na maneno bado hayaji, fikiria mtandao. Katika simu nyingi sauti hupelekwa kwenye kompyuta za kampuni, ikatafsiriwa huko, na maandishi yakarudishwa. Katika mji uliojengwa juu ya majabali, jambo hili lina uzito wake. Nyumba zilizobanwa kati ya mawe kwenye miteremko ya Igogo na Mabatini zinaweza kuwa na mtandao mzuri mlangoni na hafifu chumbani, kwa sababu jabali la granite limesimama kati ya dirisha na mnara. Jaribu kuandika ukiwa mlangoni. Ikifanya kazi pale na kugoma chumbani, umepata jibu, na kitanda au kiti cha mgonjwa kikisogezwa upande wa mlangoni atakuwa amesaidiwa kuliko angenunuliwa simu mpya.

Dalili inayopotosha zaidi ni hii: WhatsApp inapokea na kutuma vizuri, kwa hiyo mtumiaji anaapa kwamba bando lipo, lakini kuandika kwa sauti kumekataa. Yapo mabando yanayouzwa kwa ajili ya mitandao ya kijamii tu. Huduma ya sauti ya kibodi haimo ndani yake, na bando la kawaida likiisha, kibodi inakosa njia huku WhatsApp ikiendelea kama kawaida. Angalia salio la bando la kawaida, na uangalie pia kama kiokoa data kimewashwa. Kwa upande mwingine, kwenye mipangilio ya kuandika kwa sauti kuna sehemu ya kupakua lugha ili zitumike bila intaneti. Ukikuta Kiswahili kwenye orodha ya simu yako, kipakue ukiwa kwenye Wi-Fi. Kisipokuwepo kwenye orodha hiyo, panga matumizi yako ukijua kwamba bando ni sehemu ya kifaa chako cha usaidizi, kama fimbo au miwani.

Simu inaandika lugha usiyoisema

Unasema, "Shikamoo mama, naomba uniletee dawa kabla ya saa nane," na kioo kinajaa Kiingereza kisicho na kichwa wala miguu. Sauti imefika, mtandao upo, lakini simu inasikiliza kwa sikio la lugha nyingine. Simu ina lugha ya menyu, lugha ya kibodi na lugha ya sauti, na kubadili moja si lazima kubadili nyingine. Ndiyo maana mtu mwenye menyu za Kiswahili tupu anaweza kuandikiwa Kiingereza. Fungua mipangilio ya Gboard, ongeza Kiswahili kwenye lugha, kisha uingie sehemu ya kuandika kwa kutamka na kuhakikisha Kiswahili ndicho kilichochaguliwa. Google iliongeza Kiswahili kwenye huduma hii Agosti 2017, kikiwa miongoni mwa lugha 30 zilizoingizwa kwa pamoja, na orodha hutofautisha Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya. Simu ya zamani ambayo programu zake hazijawahi kusasishwa inaweza isikionyeshe. Sasisha Gboard pamoja na programu ya sauti ya Google iitwayo Speech Recognition & Synthesis, ambayo zamani iliitwa Speech Services by Google, na kama simu inakataa kusasisha kwa kukosa nafasi, anza kwa kufuta video za makundi ya WhatsApp.

Kama tatizo linakuja na kuondoka, chunguza kitufe cha nafasi. Kibodi yenye lugha mbili huandika jina la lugha inayotumika kwenye kitufe hicho, na mara nyingi maikrofoni huifuata. Kidole kinachotetemeka hugusa alama ya kubadili lugha bila mwenyewe kujua, na asiyeona hana namna ya kuligundua hilo kwa macho. Kwa watu hawa nashauri lugha ya pili iondolewe kabisa, isipokuwa kama wanaihitaji kila siku.

Maneno yanakaribia, lakini siyo

Kanda ya Ziwa ina Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wakurya, Wahaya na wengine, na kila mmoja anakizungumza Kiswahili kwa sauti iliyotoka nyumbani kwao. Kompyuta inayosikiliza ilijifunza kutokana na rekodi za watu, na sauti zilizopungua kwenye rekodi hizo ndizo zinazoeleweka kidogo. Mradi wa Mozilla uitwao Common Voice hukusanya rekodi za Kiswahili zinazotolewa kwa hiari ili pengo hilo lipungue, na mtu wa Sengerema au Ukerewe anaweza kuchangia sauti yake kupitia simu.

Wakati huohuo, njia ya kumsaidia mzungumzaji si kumsahihisha matamshi. Chukua mfano wa r na l, ambazo kwa wengi wetu huingiliana. Ukitamka neno moja tu, kura au kula, simu haina pa kushikia, nayo itachagua lolote. Ukitamka "nimepiga kura asubuhi", maneno ya jirani huivuta kwenye jibu sahihi. Kwa hiyo anayeandikiwa vibaya asipunguze maneno wala asiyakate silabi kwa silabi, ingawa hilo ndilo kila mtu hulifanya akikasirika. Atoe kifungu kizima, kwa mwendo wake wa kawaida. Kuona neno likibadilika lenyewe katikati ya sentensi pia si hitilafu, kwa kuwa simu hurekebisha makisio yake kadiri inavyosikia zaidi. Usisimame kulisahihisha mpaka kifungu kiishe.

Majina ni habari nyingine. Ng'wandu, Nkwabi au Maduhu yanaweza kugeuzwa kuwa maneno ya kawaida yanayofanana nayo kwa mbali, na ukianza ujumbe kwa salamu ya Kisukuma, "mwangaluka", simu iliyowekwa Kiswahili italazimisha salamu hiyo iwe Kiswahili. Hakuna faida ya kulirudia jina hadi sauti ikauke. Mwombe msaidizi aliandike mara moja kwa usahihi, alinakili, kisha alibandike kwa kudumu kwenye ubao wa kunakili (clipboard) wa Gboard. Kitu kilichobandikwa hakifutiki baada ya saa moja kama vingine, na mwenye simu atalichomeka jina hilo kwa mguso mmoja.

Alama za uandishi na tarakimu zihakikiwe kabla ya kutuma. Kama simu inaandika neno "koma" badala ya kuweka alama, acha kuitamka na uweke alama mwishoni. Kiasi cha fedha kisomwe tena kila mara, hasa kwa mfanyabiashara, kwa sababu kosa la "elfu sita" na "elfu sitini" halionekani kwa haraka kwenye sentensi ndefu.

Simu inakatiza kabla hujamaliza

Baada ya ukimya mfupi maikrofoni hujifunga. Kwa mzungumzaji wa kawaida hilo halina shida, lakini aliyepata kiharusi, mwenye kigugumizi au mwenye pumzi fupi hukatizwa katikati ya neno, na akiigusa tena alama, wazo limeshapotea. Kati ya matatizo yote yaliyotajwa hapa, hili ndilo linalohitaji subira zaidi, kwa kuwa hakuna mpangilio mmoja unaolimaliza. Kinachosaidia ni kuupanga ujumbe kichwani kabla ya kugusa alama, kuugawa katika vifungu vya maneno machache, na kukubali kwamba alama itaguswa mara nyingi; ndiyo maana ukubwa wa kibodi na stendi ya simu vina maana kubwa kwa mtu huyu. Msaidizi asimalizie sentensi kwa niaba yake, kwa sababu simu itaandika sauti ya msaidizi. Kama sauti yenyewe imebadilika sana kiasi kwamba ni familia pekee inayoielewa, ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa watu wa nyumbani unaweza kufaa zaidi, na kuandika kwa sauti kukaachwa kwa ajili ya vifungu vifupi vinavyokubali.

Kwa anayetumia kisoma skrini

TalkBack, yaani kisoma skrini cha Android kinachosoma kwa sauti yaliyo kwenye kioo, ikiwa imewashwa, kugusa mara moja huchagua na kugusa mara mbili ndiko kunakotekeleza, kwa hiyo anayegusa maikrofoni mara moja na kuanza kusema anaongea na simu isiyosikiliza. Tatizo jingine ni kwamba TalkBack husoma kwa sauti wakati maikrofoni iko wazi, na sauti ya simu ikaingia kwenye maandishi. Hedifoni za waya hutenganisha sauti hizo mbili.

Lililo gumu kutambua ni pale maandishi yanapokuwa sahihi na usomaji ndio wenye makosa. Kisoma skrini kilichowekwa sauti ya Kiingereza kitaisoma "naomba uniletee dawa" kwa matamshi yasiyoeleweka, na msikilizaji ataamini kwamba kuandika kumeharibika, afute, arudie na akate tamaa. Mwombe anayeona autazame ujumbe kabla ya kubadili chochote. Kama maandishi ni sawa, badilisha lugha kwenye mipangilio ya kugeuza maandishi kuwa usemi, ambapo injini ya Google ina sauti ya Kiswahili.

Kabla ya kumpelekea fundi

Fundi anahitajika pale tu rekodi inapobaki mbaya baada ya kusafisha tundu, kuvua kava, kuzima bluetooth na kukaa mahali tulivu. Mpelekee rekodi hiyo aisikilize, na mwambie kwamba unahitaji maikrofoni ya kurekodi, si ya kupigia tu. Asirudishe simu katika hali ya kiwandani kama hatua ya kwanza, kwa sababu TalkBack, ukubwa wa kibodi, lugha na majina yaliyobandikwa vyote hufutika, na asiyeona anakabidhiwa simu asiyoweza hata kuifungua. Kabla ya kulipa, rekodi sentensi moja palepale dukani, uisikilize, kisha uiandike sentensi hiyohiyo kwa sauti.